Mbaraka Mmoja, Majina Saba: Namna ya Kupanga na Kuwekea Tagi Nyimbo Zilizomo Kwenye Kompyuta

Jioni moja nyumbani Shangani, Mtwara, mzee mmoja jirani yangu aliniomba nimpigie nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, na kwa kuwa nilikwisha kujisifu mbele yake kwamba ninazo nyingi, nikafungua kompyuta na kuliandika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia. Kompyuta ikaniletea wasanii saba. Alikuwapo Mbaraka Mwinshehe, akafuata Mbaraka Mwinsheshe, kisha Mbaraka Mwaruka Mwinshehe, Mwinshehe Mbaraka, M. Mwinshehe, na mwingine aliyeitwa "Mbaraka Mwinshehe & Morogoro J", na wa saba aliandikwa kwa herufi kubwa tupu na kufuatiwa na anwani ya tovuti nilikoupakulia wimbo. Wimbo alioutaka mzee haukuwa chini ya hata mmoja wao, ijapokuwa nilijua kwa hakika kwamba ninao. Niliuona siku tatu baadaye ndani ya folda niliyokuwa nimeiita "Mpya (2)", ukiwa na jina la "Track 04".

Tangu siku hiyo nimetumia jioni nyingi kupanga nyimbo zangu, ambazo ni elfu kadhaa, na nimegundua kwamba kazi yenyewe si ngumu kama watu wanavyoiogopa, ila imefunikwa na mkanganyiko mmoja ambao usiposhughulikiwa kwanza kila juhudi huishia njiani. Mkanganyiko huo ni kudhani kwamba wimbo uliomo kwenye kompyuta una jina moja. Una majina matatu yanayokaa mahali patatu, na hakuna hata moja linalowajibika kufanana na lingine. Lipo jina la faili, ambalo ndilo tunaloliona tunapofungua folda. Lipo jina la folda yenyewe na mahali ilipo ndani ya diski. Kisha ipo tagi, yaani maandishi yaliyofichwa ndani ya faili pamoja na sauti, ambayo programu za kupigia muziki huyasoma na kuyaonyesha kwenye kioo. Mtu wa Mtwara au Lindi aliyewahi kupeleka korosho ghalani ataelewa upesi: mahali gunia lilipopangwa ghalani ni jambo moja, maandishi ya rangi yaliyopo juu ya gunia ni jambo la pili, na daraja la korosho lililoandikwa kwenye stakabadhi ni jambo la tatu, na gunia likihamishwa kutoka kona hii hadi ile, stakabadhi haibadiliki.

Ndiyo maana mtu anaweza kukesha akibadilisha majina ya faili mia mbili, akachomeka fleshi kwenye redio ya bajaji, na redio ikaendelea kuonyesha majina yaleyale ya zamani; alibadilisha maandishi ya gunia huku redio ikisoma stakabadhi. Kinyume chake pia hutokea. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp humfikia mpokeaji ukiwa umevuliwa jina lake na kuvishwa jingine la mfano wa AUD-20190312-WA0007, lakini mara nyingi tagi zilizomo ndani hubaki salama, na ukiufungua kwa programu ya muziki utaona jina la msanii kama lilivyokuwa. Jina la faili ni nguo ya safari. Tagi ndiyo inayosafiri na wimbo popote uendako, na kwa sababu hiyo ndiyo inayostahili kazi kubwa.

Ili kuelewa kwa nini tagi nyingi tunazozikuta ni mbovu, inafaa kujua zilivyoanza. Umbizo la MP3 lilibuniwa kwa ajili ya kubana sauti, si kwa ajili ya kutunza majina. Kiambishi cha .mp3 kilichaguliwa mwaka 1995 na wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, lakini ndani ya faili hakukuwa na mahali palipotengwa pa kuandika anayeimba ni nani. Mwaka 1996 Eric Kemp alipata ufumbuzi mwepesi wa kuongeza baiti 128 mwishoni kabisa mwa faili, zikianza na herufi tatu TAG, ambamo jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maelezo 30, na aina ya muziki baiti moja tu. Utaratibu huo uliitwa ID3. Baiti 128 si kitu. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hufikia takriban megabaiti 3.8, hivyo tagi hiyo haikumwongezea mtu mzigo wowote. Ila herufi 30 ni chache mno kwa majina ya bendi zetu. Hesabu herufi za "Mbaraka Mwinshehe & Morogoro Jazz Band" pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, utapata 38; kata kwenye ya 30, na utakayebaki naye ni yule "Mbaraka Mwinshehe & Morogoro J" aliyenishangaza mbele ya mzee. Sikumkosea mimi. Alikatwa na kanuni ya mwaka 1996, akasambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa fleshi na CD za kuchoma, mpaka akafika Shangani.

Toleo la pili, ID3v2, lilitoka mwaka 1998, likafuatiwa na v2.3 mwaka 1999 na v2.4 mwaka 2000. Hili halikai tena mwishoni, bali mwanzoni mwa faili, na badala ya nafasi za kudumu lina fremu, yaani visanduku vya maandishi, nyingi zinazoweza kurefuka: TIT2 ni ya jina la wimbo, TPE1 ya msanii, TALB ya albamu, TRCK ya namba ya wimbo, TCOM ya mtunzi wa muziki, TEXT ya mtunzi wa maneno, na APIC ya picha. Hakuna sababu ya kuzikariri fremu hizi, kwa kuwa programu huzionyesha kwa majina ya kawaida. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba faili moja inaweza kubeba tagi ya zamani mwishoni na tagi mpya mwanzoni kwa wakati mmoja, zikisema mambo tofauti, na kwamba kifaa kimoja husoma hii na kingine kusoma ile. Ukiona redio na kompyuta yako havikubaliani kuhusu wimbo uleule, anza kushuku hapo. Mimi huagiza programu yangu iifute kabisa tagi ya zamani na kuandika v2.3 peke yake, kwa sababu redio nyingi za magari na vifaa vya miaka ya nyuma huielewa v2.3 bila taabu lakini hubabaika mbele ya v2.4.

Maumbizo mengine yana taratibu zake. FLAC na Ogg hutumia mtindo ulio huru zaidi, ambao mtu anaweza kujiundia nafasi yenye jina lolote alitakalo. M4A ina mtindo wake. WAV ni maskini wa tagi, na anayehamisha kaseti kwenda kompyuta kwa WAV afanye hima kuzigeuza ziwe FLAC, ambayo hubana bila kupunguza sauti, kabla hajaanza kuandika majina.

Mpaka hapa ni ufundi tu. Ugumu halisi unaanza pale mtu anapokaa mbele ya nafasi hizo na kujiuliza aandike nini, kwa kuwa waliozipanga walikuwa na picha fulani kichwani: msanii mmoja au bendi moja, inayotoa albamu yenye nyimbo kumi au kumi na mbili, katika mwaka unaojulikana. Muziki wetu mwingi haukuzaliwa hivyo.

Tuchukue bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa ni ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Baadaye ikawa OTTU Jazz, na mwishowe ikabaki na jina ambalo wapenzi wake walikwisha kulizoea, Msondo Ngoma. Je, hao ni wasanii wanne au mmoja? Kompyuta haina njia ya kujua kwamba ni nyumba moja iliyopakwa rangi mara nne. Ukiandika Msondo Ngoma kwenye nyimbo zote, utakuwa umesema uongo kuhusu rekodi za miaka ya 1960, na ukiandika kila jina kivyake, historia ya bendi itakatika vipande vinne vilivyotawanyika katika N, J, O na M. Uamuzi wangu, ambao si lazima uwe wako, ni kuandika katika nafasi ya msanii jina lililotumika wakati wa kurekodi, kisha katika nafasi ya msanii wa albamu kuandika Msondo Ngoma kwa zote. Programu nyingi hupanga orodha kwa kufuata msanii wa albamu, kwa hiyo bendi hukaa pamoja, na huku kila wimbo ukibaki na jina lake la kweli.

Nafasi hiyo ya msanii wa albamu ina kisa cha kuchekesha kidogo. Katika maelezo rasmi ya ID3 fremu yake, TPE2, ilikusudiwa kwa ajili ya bendi au okestra inayomsindikiza mwimbaji, na ni watengenezaji wa programu walioigeuza baadaye kuwa kitambulisho cha albamu nzima. Kwa muziki wa dansi, maana ile ya kwanza ingetufaa zaidi. Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Anayetaka kumsikiliza Gurumo hataki bendi, anataka sauti. Kwa ajili ya watu kama yeye nimejiundia nafasi ya ziada, jambo ambalo ID3v2 inaliruhusu kupitia fremu ya TXXX, nikaiita Mwimbaji, na humo huandika waimbaji ninaowatambua kwa hakika. Ninaposhuku tu, siandiki. Tagi iliyoandikwa kwa kubahatisha haionekani tofauti na iliyoandikwa kwa uhakika, na baada ya miaka miwili hata mwandishi wake hawezi kuzitofautisha.

Taarabu nayo inadai uangalifu wa namna hiyo, kwa sababu kikundi ni kimoja, mwimbaji ni mwingine, aliyetunga shairi ni wa tatu, na aliyetia muziki huenda akawa wa nne. Hapa ID3 inatutosha vizuri kuliko tunavyodhani, maana ina nafasi tofauti ya mtunzi wa muziki na ya mtunzi wa maneno. Wengi hawazijazi kwa kuwa programu nyingi huzificha kwenye ukurasa wa pili.

Kwenye bongo fleva tatizo ni kushirikiana. Wimbo wa Harmonize, kijana wa hukuhuku Mtwara, aliomshirikisha mtu mwingine unaweza kuandikwa "Harmonize ft", "Harmonize feat.", "Harmonize x" au "Harmonize &", na kila namna itahesabiwa na kompyuta kuwa ni msanii mpya. Nimeona kompyuta ya kijana mmoja mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo ambayo ilikuwa na wasanii wengi kuliko nyimbo. Dawa yake ni kumwacha msanii mkuu peke yake katika nafasi ya msanii wa albamu, na washirika kuwaandika ama katika nafasi ya msanii ama mwishoni mwa jina la wimbo, ili mradi uchague namna moja na usiiache. Alama ya mkwaju (/) itumiwe kwa tahadhari, kwa sababu katika v2.3 ndiyo inayotenganisha wasanii wawili ndani ya nafasi moja, na bendi ya Australia iitwayo AC/DC imekwisha kugawanywa vipande viwili na programu nyingi kwa kosa hilo.

Kuhusu albamu, sehemu kubwa ya muziki wa dansi ilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kupigwa hewani, na nyingine ikatoka katika santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Albamu haikuwapo. Ukiiacha nafasi hiyo wazi, programu itazirundika nyimbo zako mia tano chini ya albamu isiyojulikana, na ukiijaza kwa jina la CD uliyonunua barabarani, utakuwa umetukuza mkusanyo wa mtu aliyechoma alichokuwa nacho siku hiyo. Mimi nimetumia maneno yanayoeleza asili badala ya albamu, kama vile "Rekodi za Redio Tanzania" au "Santuri ndogo", na kwa bongo fleva iliyotoka wimbo mmojammoja ninaandika "Mojamoja" na mwaka. Si albamu, na hazijifanyi kuwa albamu, lakini orodha inasomeka.

Mwaka ni mtego mwingine. Wimbo wa miaka ya 1970 uliotolewa upya kwenye CD mwaka 1998 na kupakuliwa mwaka 2016 una miaka mitatu, na tagi nyingi za mtandaoni huchukua wa mwisho au wa pili. Anayependa muziki wa zamani anautaka wa kwanza. Katika v2.3 nafasi ya mwaka hupokea tarakimu nne basi, haiwezi kupokea "katikati ya miaka ya 1970", kwa hiyo makadirio ya namna hiyo nayaandika kwenye maelezo na mwaka nauacha wazi.

Halafu kuna aina ya muziki. Ile baiti moja ya mwaka 1996 ilikuwa na orodha ya aina 80 zilizohesabiwa kuanzia 0 hadi 79, na baadaye waliotengeneza programu ya Winamp wakairefusha. Humo blues ni 0, jazz ni 8, rege ni 16, na hata polka ya Ulaya ilipata namba yake, 75. Dansi haimo, taarabu haimo, mchiriku haumo, wala kwaya zetu. Matokeo yake ni kwamba programu zinazojaza tagi zenyewe, zikiona jina la Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz au Kilwa Jazz, huwa na mwelekeo wa kuzitupa katika jazz pamoja na Louis Armstrong. Nani atamweleza mashine kwamba Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande haikuwa inapiga jazz, na zaidi ya hapo kwamba ilikuwa bendi ya Dar es Salaam iliyobeba jina la mji wa mkoa wa Lindi? Bahati nzuri ni kwamba ID3v2 inaruhusu kuandika neno lolote kwenye nafasi hiyo. Andika dansi, taarabu, singeli, kwaya, ngoma. Andika kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo au kubwa kwa mfuatano mmoja, na usizidishe aina. Mtu mwenye aina arobaini za muziki hana aina hata moja.

Nimetaja ngoma kwa makusudi, kwa kuwa katika mikoa yetu hii watu wengi wana rekodi walizochukua wenyewe kwa simu: sindimba iliyochezwa Newala, ngoma ya harusi huko Nachingwea, mashairi ya bibi mmoja akitwanga. Hizi haziko katika hifadhi yoyote ya mtandaoni, na usipoziandika wewe hakuna mwingine atakayeziandika. Simu huzipa majina ya tarehe na saa, jambo ambalo si baya, kwani angalau tarehe inapatikana. Ongeza kijiji, tukio, aliyeimba kama ameridhia jina lake liandikwe, na lugha. ID3 ina fremu ya lugha, TLAN, ambayo hupokea misimbo ya herufi tatu kutoka orodha ya kimataifa ya ISO 639-2: Kiswahili ni swa na Kiyao ni yao. Kimakonde na Kimwera vilingoja orodha pana zaidi, ISO 639-3, iliyotoka mwaka 2007, ambamo Kimakonde ni kde na Kimwera ni mwe. Programu nyingi hazitajali ukiandika kde katika nafasi hiyo, nami naiandika. Ila nyimbo za jando na unyago ni suala tofauti. Zina wenyewe, na zina watu ambao hawapaswi kuzisikia. Rekodi ya namna hiyo ikiwa imekufikia kihalali, iweke katika folda yake nje ya maktaba inayosomwa na programu ya muziki, vinginevyo siku moja utapiga nyimbo kwa kuchanganya mbele ya wageni, nayo itajitokeza baina ya kwaya mbili.

Kabla ya kuja kwenye programu zenyewe, kuna alama moja ndogo inayosumbua Kiswahili kuliko lugha nyingi, nayo ni ile ya ng'. Ikiandikwa kwa kibodi ya kompyuta huwa imesimama wima, na ikiandikwa kwa simu au kunakiliwa kutoka mahali fulani huwa imepinda, na kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, hivyo wimbo wenye neno ng'ombe hautaonekana ukiutafuta kwa alama isiyo yake. Ile iliyopinda, zaidi ya hayo, haimo katika seti ya herufi ya zamani ya ISO-8859-1, na vifaa vingine huigeuza kuwa alama ya kuuliza. Tumia iliyo wima kila mahali.

Katika programu, ninazozitumia zaidi ni mbili. Mp3tag, iliyotengenezwa na Mjerumani Florian Heidenreich na inayopatikana bure kwa Windows, ni ya mtu anayejua anachotaka kuandika. Unachagua nyimbo mia, unaandika neno mara moja, linaingia kwenye zote. Ina uwezo pia wa kusoma jina la faili na kuligawa: ukiipa mpangilio wa %artist% - %title%, faili yenye jina la msanii, kistari na jina la wimbo hujazwa nafasi mbili kwa mbofyo mmoja. Ile anwani ya tovuti iliyobandikwa kwenye nyimbo zangu mia tatu niliifuta kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha.

Ya pili ni MusicBrainz Picard, ambayo nayo ni bure, na inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa: inausikiliza wimbo. Inatumia mfumo uitwao AcoustID, ambao huchukua dakika 2 za mwanzo za sauti, hutengeneza alama mfano wa alama ya kidole, na kuilinganisha na alama zilizotumwa na watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Kwa albamu ya Ulaya au Marekani matokeo yake hushangaza, na faili iitwayo "Track 04" hurudishiwa jina, mwaka na picha ya jalada katika sekunde chache. Kwa muziki wetu lazima uiandalie subira. Alama inaweza kulinganishwa tu na wimbo ambao mtu amekwisha kuutuma, na nyimbo zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti zina shida ya ziada, kwa sababu kinasa kaseti kilichozunguka kwa kasi kidogo au polepole kidogo hupandisha au kushusha sauti yote, na alama yake haifanani tena na ya nakala nyingine. Tena Picard hupenda kuulinganisha wimbo na mkusanyo wa wasanii mbalimbali uliotolewa nje, na ukikubali bila kusoma, nyimbo kumi za bendi moja zitasambazwa kwenye mikusanyo kumi. Soma kabla ya kuhifadhi. Na kwa kuwa hifadhi ya MusicBrainz, ambamo Picard huchukua majina, hujazwa na watu wa kujitolea, unaloliona limekosewa unaweza kulisahihisha mwenyewe. Ina hata nafasi ya kuandika majina mengine ya msanii mmoja, jambo ambalo Mbaraka wangu wa saba angelifurahia.

Watu huuliza kama kuandika tagi kunapunguza ubora wa sauti. Hakupunguzi, kwa kuwa sauti yenyewe haiguswi. Kinachopunguza ni kugeuza MP3 moja kuwa MP3 nyingine, na aliyeuchukua wimbo wa kilobiti 64 akaugeuza kuwa wa 320 amepata faili kubwa mara tano yenye sauti ileile mbovu au mbovu zaidi. Hatari ya tagi iko kwingine. Kwa kuwa ID3v2 hukaa mwanzoni, programu huacha nafasi tupu baada yake ili maandishi yaongezeke bila kuisogeza sauti. Nafasi hiyo ikijaa, na hasa unapoingiza picha, faili nzima lazima iandikwe upya. Jioni moja nilikuwa nikiweka majalada kwenye nyimbo zaidi ya mia katika kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukakatika, na nyimbo kadhaa hazikupiga tena. Sasa naanza kwa nakala rudufu, moja kwenye diski ya nje na nyingine nyumbani kwa ndugu yangu Lindi, kisha ndipo nagusa tagi. Picha nayo iwe ndogo: ya pikseli 500 kwa 500 inatosha, kwani picha ya megabaiti 3 ikiingizwa katika nyimbo 12 ni megabaiti 36 za jalada moja.

Majina ya faili na folda huja mwisho, kwa sababu tagi zikiwa sahihi Mp3tag au Picard huyatengeneza zenyewe kutoka humo. Folda ya msanii wa albamu, ndani yake folda ya albamu, ndani yake namba na jina la wimbo. Zaidi ya hapo ni kujichosha. Windows haikubali alama tisa katika majina ya faili, zikiwamo mkwaju, nukta mbili, nyota na alama ya kuuliza, kwa hiyo wimbo ambao jina lake ni swali utapoteza alama yake kwenye faili lakini ubaki nayo kwenye tagi. Namba ziandikwe kwa tarakimu mbili, 01, 02, la sivyo vifaa vingi vitaweka wimbo wa 10 kabla ya wa 2. Na madereva wanaolalamika kwamba redio haifuati mpangilio wajue kwamba redio nyingi za bei nafuu hazisomi herufi wala namba, bali hupiga nyimbo kwa kufuata mfuatano zilivyoingizwa kwenye fleshi. Ifute fleshi, kisha nakili folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaoutaka.

Mzee wa Shangani nimekwisha kumpa fleshi yake. Mbaraka ni mmoja, Morogoro Jazz iko mahali pake na Super Volcano, bendi yake ya baadaye, mahali pake, na ule wimbo wa "Track 04" una jina ambalo yeye mwenyewe alinitajia, kwa kuwa hakuna programu iliyoutambua. Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba mpiga solo niliyemwandika siye. Nimelifuta jina hilo, na nafasi yake nimeiacha wazi.